Ariane 501: Waliidaka, Wakaihifadhi, Wakazima

Video ya Kourou nyote mmeiona: 4 Juni 1996, Ariane 5 inapaa, inapinda ghafla, inapasuka hata sekunde 40 hazijatimia. Na kila nikikaa na vijana wa programu pale Ukunda nasikia lawama ileile, eti lugha ya Ada ndiyo iliyoiangusha. Ada haina hatia. Hata ule ugeuzaji wa namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, uliofurika ndani ya kifaa cha mwelekeo wa roketi, nausamehe: vigeu vinne kati ya saba vililindwa, vitatu vikaachwa ili kichakato kisivuke asilimia 80 ya uwezo wake.

Nisichosamehe ni kifungu kimoja cha masharti ya mfumo. Eksepsheni ikitokea, ya aina yoyote, kifaa cha mwelekeo kitangaze hitilafu, kihifadhi hali yake kwenye kumbukumbu ya kudumu, kisha kijizime. Ya aina yoyote! Kuhifadhi ni sawa kabisa. Lakini ukishahifadhi, irushe upya kwa ngazi yenye uwezo wa kuamua. Usikiue kichakato kizima kwa kosa la hesabu. Hii ni sawa na nahodha wa Shimoni aone maji yanaingia chomboni, ayaandike daftarini, kisha azime injini.

Waliopitisha kifungu hicho waliamini kila hitilafu ni ya maunzi, na kwamba kifaa cha akiba kitashika zamu. Cha akiba kilibeba programu ileile, na kilikuwa kimejizima katika mzunguko wa data uliotangulia, mzunguko wa milisekunde 72. Kompyuta kuu ikapokea taarifa za hitilafu, ikazisoma kama data za safari, ikageuza nozeli hadi mwisho. Na hesabu iliyofurika haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka chini! Kumbukumbu ile iliokotwa kwenye mabaki, ikasomeka vizuri.

Wazee wa MIT walioandika programu ya Apollo, akina Hal Laning na Margaret Hamilton, hawakuwa na Ada. Julai 1969 kengele ya 1202 ilipolia, kompyuta ya Apollo 11 ilitupa kazi ndogo, ikajiwasha upya, ikaendelea kushuka mwezini.

Wenzangu wa C++, eksepsheni ikitoroka ndani ya std::thread, programu nzima bado inauawa. Tangu 2011 mna std::exception_ptr na std::rethrow_exception. Kabla hamjaihifadhi, amueni nani ataipokea.