Talanta ya Mathayo si kipaji: Kosa la neno moja mimbarini

JUMAPILI moja nilialikwa katika ibada mtaani Membley, Ruiru. Kanisa sitalitaja, wala mhubiri, kwa sababu kosa ninalotaka kulijadili si lake peke yake. Nimelisikia Thika, nimelisikia Nairobi, na redioni pia.

Mhubiri mwenyewe alikuwa na ulimi. Alisoma mfano wa talanta katika Mathayo 25, akafunga Biblia, kisha akaanza kutuletea habari nyumbani. Akataja M-Pesa, akataja TikTok, akataja foleni ya magari ya Eastern Bypass. Vijana wakacheka. Halafu akawageukia wale wa viti vya nyuma: "Mungu alikupa talanta ya kuimba, ya kuchora, ya kucheza boli. Umeizika wapi? Ndiyo maana unakaa tu mtaani bila kazi!" Waumini wakaitikia amina. Kijana aliyeketi kando yangu hakuitikia. Aliinamisha kichwa.

Sina ugomvi na mahubiri yanayogusa maisha ya leo. Yesu mwenyewe alifundisha kwa mambo ambayo wasikilizaji wake waliyaona kila siku: shamba, wavu, chachu, kondoo aliyepotea. Anayehubiri Membley bila kuijua Membley anajihubiria mwenyewe. Swali langu ni hili: je, mhubiri wetu aliyaunganisha maandiko na maisha, au aliunganisha neno moja na neno jingine linalofanana nalo kwa sauti tu?

Tulitazame neno lenyewe. Talanta ina asili ya Kigiriki. Ilikuwa kipimo cha uzito, kisha ikawa kipimo cha fedha. Waingereza walilipokea neno hilo, na kutokana na mahubiri juu ya mfano huuhuu, kwa karne nyingi, likapata maana ya uwezo wa kuzaliwa nao. Sisi nasi, hapa Kenya hasa, tumeichukua maana hiyo ya Kiingereza tukaivika neno letu. Leo ukisema talanta, mtu anafikiria mwimbaji au mchezaji. Lakini Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka wa 1952, ilipoandika talanta ilimaanisha fedha. Kwa uwezo wa kuzaliwa nao, Kiswahili kilikuwa na maneno yake tayari: kipaji na kipawa, yote mawili yakitokana na kitenzi kupa.

Msomaji asidhani haya ni madai ya mwalimu wa lugha asiye na kazi nyingine. Mathayo mwenyewe anatusaidia. Anasema kila mtumwa alipewa kulingana na uwezo wake. Kumbe uwezo ulikuwapo kabla ya talanta! Tena bwana yule anamkaripia mtumwa wa mwisho kwa kutoipeleka fedha mahali ambapo ingezaa riba. Ni nani awezaye kuweka sauti yake ya kuimba benki?

Sasa tupige hesabu. Talanta moja ilikuwa takriban dinari 6,000, na dinari moja, kama Mathayo 20 inavyoonyesha, ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Akifanya kazi siku sita kwa wiki, kibarua angehitaji wiki 1,000, yaani zaidi ya miaka 19, kupata talanta moja bila kula hata senti. Tuseme kibarua wa mjengo analipwa Sh700 kwa siku. Talanta moja ni Sh4.2 milioni. Talanta tano ni Sh21 milioni.

Haya, turudi kanisani. Yule mtumwa aliyekaripiwa alikabidhiwa mamilioni ya mtu mwingine, akaogopa, akayafukia. Kijana wa kiti cha nyuma alikabidhiwa nini? Pengine nauli ya matatu, tena ya kukopa. Ukilijua neno, lawama inahama kutoka viti vya nyuma hadi viti vya mbele: kwa wenye mitaji iliyolala, kwa waliokabidhiwa fedha za umma, kwa wazee wa kanisa wanaoshika sadaka. Hao ndio mfano unaowauliza hesabu.

Mhubiri anaweza kunijibu kwamba mfano ni mfano, na kwamba kanisa limeusoma kwa maana ya vipawa tangu zamani. Ni kweli, na sitamzuia. Fedha katika mfano inaweza kusimamia mambo mengi. Lakini lazima kwanza iwe fedha, ndipo iweze kusimamia kitu kingine. Ukiruka hatua hiyo, unapata mahubiri matamu yanayomwonea asiye na kitu.

Tena mhubiri hakuhitaji kwenda mbali kumpata kijana yule katika Biblia. Angefungua sura tano tu nyuma, Mathayo 20. Pale wanaume wamesimama sokoni tangu asubuhi, kama wanavyosimama vibarua wetu nje ya mageti ya mijengo. Mwenye shamba anawauliza mbona wanashinda pale bure. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawaambii wavivu, wala hawaulizi wamezika nini. Anawapa kazi, na jioni anawalipa ujira wa siku nzima.

Hayo ndiyo mahubiri ambayo Membley ingeyaelewa bila TikTok. Na nadhani kijana yule angeinua kichwa.