Kopo Juu ya Ekzosi

Kila Novemba, mzee aliyenipangisha chumba kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alifanya jambo ambalo mwanzoni nililiona la kitoto: alipanda juu ya trekta lake na kuivalisha ekzosi kopo tupu la maharage. Ndipo kazi ya kulilaza trekta ilipoanza.

Lilikuwa Ferguson TE20, la kijivu, katika yale yaliyoundwa Coventry kati ya 1946 na 1956, zaidi ya laki tano. Banda hakuwa nalo. Ukimwonea huruma kwa hilo, atakukumbusha kwamba Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 akiendesha Ferguson, na huko hakukuwa na banda.

Baridi yenyewe hakuiogopa. Aliogopa maji. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya injini hupasua chuma cha bloku kama chungu kilichoangushwa. Kwa hiyo alifungua koki mbili, ya rejeta na ya ubavuni mwa injini. Hapa ndipo nilipoona ufundi. Koki ya pili ilidondosha matone matatu ikanyamaza. Mimi ningesema yamekwisha. Yeye akachukua kipande cha waya, akachokoa taratibu, na mara likatoka tope la kutu, zito kama uji wa ulezi, kisha maji yakabubujika hadi kwenye viatu vyake. Akacheka. Baadaye akajaza maji na dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu.

Mengine aliyamaliza upesi: oili mpya, tangi la mafuta pomoni ili unyevu usipate nafasi ya kutonea humo, betri ikaenda kulala jikoni. Kanyagio la klachi alilikandamiza kwa kipande cha mti, likakaa chini majira yote ya baridi. Asipofanya hivyo, sahani ya klachi hushikana na flaiwili kwa kutu, na siku ya kulima unakanyaga, gia hazikubali. Shina la gia akalizungushia kiraka cha mpira wa tairi, maana mvua hupenya hapo mpaka oili ya giaboksi ikawa nyeupe kama chai ya maziwa.

Nami nikataka kusaidia. Nikanunua nailoni nene, nikalifunga trekta lote, chini hadi juu, kwa kamba. Asubuhi ya pili nilipofunua, nailoni ilikuwa inatoa jasho kama kifuniko cha sufuria ya wali, na boneti imelowa chapachapa. Mzee hakunisema. Aliivua, akatandika turubai kuukuu juu ya boneti na kiti tu, akaacha chini wazi upepo upite.

Likakaa hivyo mpaka Machi, theluji ikija na kuondoka. Siku ya kuliamsha, alirudisha betri, akang'oa ule mti, akalivua kopo. Mdomoni mwa ekzosi buibui alikuwa ametanda utando, mkavu kabisa. Mzee akaupuliza kwa upole, akamngoja buibui ashuke, ndipo akaketi na kusukuma gia kuwasha, kwa sababu kwenye Ferguson gia ndiyo swichi.