Chupa ya Fanta Jukwaani

Pongezi kwa Mzee Shem Tube na bendi yake, Abana ba Nasery, wana wa Bunyore, eneo lililokuwa zamani ndani ya wilaya ya Kakamega. Magitaa mawili, la Tube na la Justo Osala, yanajibizana. Enos Okola anakwaruza matuta ya chupa ya Fanta kwa chuma. Basi. Ngoma hakuna, na bado miguu haitulii! Mtindo huo wa gitaa, omutibo, ndio aliovuma nao George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963. Abana ba Nasery waliufikisha hadi Uingereza, wakatoa albamu huko mwaka 1992. Kwangu, ufundi wao mkubwa ni sauti tatu zinazoingiliana bila kusukumana: hapo redio haifui dafu mbele ya jukwaa.