Daraja za Vyuo Vikuu na Kazi Zisizohesabiwa

Kila mwaka orodha za ubora wa vyuo vikuu duniani zinapotangazwa, ofisi zetu huchangamka. Chuo kilichopanda hushangilia, kilichoshuka huunda kamati. Katika toleo hili tumeona vema tuzihakiki orodha hizo, hasa namna zinavyopima athari ya utafiti katika sayansi za jamii na insia. Hatufanyi hivyo kwa wivu wa walioachwa nyuma. Vipimo hivyo vimekwisha kuingia katika fomu za kupandishwa vyeo, na sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tunajazwa humo.

Tuanze na orodha iliyofungua mlango. Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong kilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 2003. Vigezo vyake viko wazi, na hilo ni jambo la kusifiwa. Asilimia 20 hutokana na makala zilizochapishwa katika majarida mawili tu, Nature na Science. Asilimia 20 nyingine hutokana na makala zilizomo katika faharasa za sayansi na za sayansi za jamii. Kwa haki, makala ya sayansi za jamii huhesabiwa mara mbili. Lakini faharasa ya sanaa na insia, ingawa ipo tangu miaka ya 1970, haimo katika hesabu hiyo. Basi mwalimu wa fasihi anaweza kuandika miaka 30 asiongeze hata nukta kwenye kigezo hicho.

Kigezo cha tuzo za walimu nacho kina asilimia 20. Kinataja Nobel za fizikia, kemia, tiba na uchumi, pamoja na nishani ya Fields ya hisabati. Fasihi haikutajwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, alipata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hata kama siku ile angekuwa bado darasani, kigezo hicho kisingekiongezea chuo chake kitu.

Orodha nyingine hutegemea zaidi idadi ya mara kazi inavyonukuliwa. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kuhesabu manukuu kulianzishwa kwa ajili ya sayansi asilia na Eugene Garfield, ambaye faharasa yake ilitoka mwaka 1964. Katika sayansi hizo makala hunukuliwa upesi na kusahaulika upesi, ndiyo maana kipimo maarufu cha majarida hutazama makala za miaka miwili tu iliyotangulia. Kazi za insia haziendi hivyo. Nyingi ni vitabu, na huanza kusomwa kwa uzito baada ya miaka mitano au kumi. Tena huandikwa kwa lugha ya watu wanaohusika, ilhali kanzidata kubwa zimejaa Kiingereza.

Chukueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Mwanafunzi huifungua, mhariri huigombania, mtangazaji huikimbilia. Hakuna anayeiandikia tanbihi kila anapoitumia. Athari, kwa maana tunayoifundisha sisi, ni alama inayobaki baada ya kitu kupita. Kamusi ile imeacha alama katika vinywa vya mamilioni, lakini mashine ya kuhesabu tanbihi haisikii vinywa.

Hasara yake tunaiona karibu. Katika chuo kimoja cha kanda yetu, mwenzetu aliwasilisha kitabu cha kufundishia sarufi alichokiandika kwa Kiswahili kwa miaka sita. Kamati ilimwuliza swali moja: kimo katika kanzidata gani? Hakuna aliyekifungua. Mwaka uliofuata aliandika kwa Kiingereza makala mbili fupi kuhusu Kiswahili, akapandishwa cheo. Hatumlaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Nani ataandika vitabu vya shule hizo, iwapo kuviandika ni kujichelewesha mwenyewe?

Watetezi wa orodha wana hoja, nasi tusiikwepe. Pasipo kipimo, vyeo hutolewa kwa kujuana. Tena sisi wenyewe tuna makosa. Majarida yetu huchelewa kutoka. Marejeo yetu mara nyingi hayakamiliki. Na wangapi kati yetu huongoza tasnifu za Kiswahili ambazo zimejaa wananadharia wa Ulaya, bila kazi hata moja ya jirani aliyeko Dodoma, Eldoret au Bujumbura? Tusiponukuana sisi kwa sisi, tusishangae wengine wasipotunukuu.

Hata hivyo, dawa ya kujuana si kuhesabu bila kusoma. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ina kanuni kumi, na ya tatu inataka utafiti bora wenye manufaa ya mahali ulikofanyika ulindwe. Katika tathmini ya vyuo vya Uingereza ya mwaka 2021, jopo la sanaa na insia halikutumia takwimu za manukuu, lilisoma kazi zenyewe. Athari nje ya chuo, katika jamii, ilipewa asilimia 25. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht kilijiondoa katika mojawapo ya orodha kubwa. Ikiwa wenye kanzidata wenyewe wanasita, sisi tunakimbilia nini?

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati za vyeo zisome angalau kazi moja ya mwombaji, na ya Kiswahili isomwe na mtu ajuaye Kiswahili. Pili, kamusi, kitabu cha kiada na tafsiri ya kitaaluma vipewe alama zinazojulikana mapema. Tatu, idara zetu zitoe majarida kwa wakati na kuyaweka kwenye intaneti yasomwe bure.

Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri. Tushone yetu, hata kama uzi ni mchache. Maoni ya wasomaji yanakaribishwa kwa toleo lijalo, hasa ya wale waliowahi kukaa upande wa pili wa meza ya kamati.