Altare Imegeuka, Sauti Imekwenda Wapi?

Nilipokuwa mtumishi wa misa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, padre alitupa mgongo akasali kwa Kilatini. Nilimjibu maneno nisiyoyaelewa, na nyuma yangu kina mama walisali rozari zao kimyakimya. Wapo wanaolilia siku zile. Nawasikiliza kwa adabu, lakini siwafuati.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia. Uliwataka waamini washiriki kwa utambuzi na bidii, ukafungua mlango kwa lugha za wenyeji, na kuhusu sanaa ukasema utafutwe uzuri wenye hadhi kuliko mapambo ya fahari. Septemba 1964 ukafuata mwongozo kwamba altare kuu iachane na ukuta, ili padre aweze kuadhimisha akiwaelekea watu.

Parokiani kwetu neema hiyo tuliipokea kwa ngoma. Kiitikio kilikuwa kifupi. Hata mzee asiyejua kusoma alikidaka mara moja, kanisa zima likaitika. Jirani zetu wa Kongo, enzi hizo Zaire, walikwenda mbali zaidi. Misale yao, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, inawataja hata wahenga wenye moyo mnyofu, na toba imewekwa baada ya mahubiri, mtu akishalisikia Neno. Hao walikaa chini wakafikiri.

Na sisi je? Jumapili iliyopita nilihesabu nyimbo za misa: kumi na moja. Nilizoweza kuimba ni mbili. Kwaya ina sare, ina kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe, na vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati. Ngoma yetu ya ngozi iko stoo, juu yake yamewekwa maua ya plastiki ya Pasaka.

Sisemi wanakwaya ni wabaya. Wimbo wa komunyo, wenye sauti nne na beti sita, ulikuwa mzuri, na aliyeutunga anaijua kazi yake. Lakini ulikuwa wao. Sisi wengine tulikaa tukiwatazama kama watu waliokata tiketi. Ulipofika ubeti wa nne, mama aliyeketi mbele yangu alifungua pochi, akatoa rozari yake, akaanza kusali kimyakimya.