Tarbushi Isiyo na Mwenyewe



Kwenye maonyesho ya vitu vya kijeshi huku Dallas–Fort Worth na Houston, kitara cha ofisa wa Kijerumani kikitokea, wakusanyaji hawalali. Watasoma herufi zilizochongwa, watapekua orodha za maofisa, mpaka jina lipatikane. Ikija tarbushi yenye tai wa Kaisari kutoka Afrika Mashariki, mara nyingi kibandiko kinasema "askari", basi. Huo ni utafiti gani, jamani?

Utetezi wao naujua: kumbukumbu za jeshi la Prussia ziliungua Potsdam, Aprili 1945. Sawa, lakini mbona ofisa anatafutwa kwa njia nyingine? Mafaili ya Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nani kati yao ameyauliza?

Na medali nayo isiaminiwe upesi. Mahjub bin Adam, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, alikuwa askari mtoto katika vita vya 1914–1918. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malipo yake na ya marehemu babake, asipewe kitu. Huko alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, akafundisha Kiswahili. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Eti akainunua kwa muuzaji, akaivaa. Alifia Sachsenhausen 1944. Nishani ile ikidondokea meza ya Houston leo, mjuzi ataiita feki kwa kuwa haikutolewa rasmi, na asiyejua ataandika "askari". Mimi ningeanza na ile barua ya kukataliwa.