Marahaba ya Kwanza

Baba mkubwa alikuwa mvuvi wa Ujiji. Kiharusi kilipompata, mguu ulirudi mapema, maneno yakagoma. Akitaka kusema "kasia", midomo huhangaika, likatoka "tasia", mara "pasika", kila jaribio na sura yake. Lakini kaa la moto lilipomwangukia mguuni alitamka "Yaarabi!" safi kabisa. Wapo waliosema mzee anajifanya.

Binti mtaalamu wa tiba ya usemaji aliyemwona alipiga goti kwanza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu bila kukwama.

Baadaye kidogo akamwomba, "Sasa baba, niambie tena: marahaba." Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukatafuta. Neno halikuja. Binti yule alikwishapata nusu ya alichokuja kutafuta. Salamu hujitokea kwa mazoea ya miaka. Neno la kuagizwa hudai ubongo upange upya mwendo wa midomo, ulimi na pumzi. Mpango huo ndio uliovurugika, na hali hiyo huitwa apraksia. Ingekuwa disathria, yaani misuli yenyewe imelegea au imekakamaa, hata marahaba ya kwanza ingetoka nzito.

Naustahi mno ufundi huu wa sikio. Mwaka 1969 Darley, Aronson na Brown wa Mayo Clinic, Marekani, walisikiliza sauti za wagonjwa 212 zilizorekodiwa, wakipima sifa 38, wakaonyesha kuwa namna mtu anavyosema inaweza kudokeza ni sehemu gani ya mfumo wa fahamu iliyoumia. Hadi leo mgonjwa huambiwa avute pumzi aseme "aaa" mpaka iishe, kisha arudie pa-ta-ka upesi: pa ya midomo, ta ya ncha ya ulimi, ka ya shina lake. Na kabla ya kusikilizwa, mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukalishwa vizuri, kichwa na mgongo vikiwa na egemeo, maana sauti hubebwa na pumzi.

Kwa baba mkubwa, maneno ya mazoezi yalitoka mwaloni. Walianza na "dagaa". "Mgebuka" lilingoja wiki nyingi: m midomoni, ge kwenye shina la ulimi, bu midomoni tena, ka shinani. "Nitazame, baba, nisikilize, tuseme pamoja." Kila silabi kofi moja pajani, tena na tena. Siku moja mzee alilia. Binti akanyamaza naye mpaka alipokuwa tayari.

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemaji mwaka 2008, na bado Afrika Mashariki wataalamu ni haba, wengi wako katika miji mikubwa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hilo linaniuma.

Asubuhi moja nilimsindikiza mzee hadi mwalo wa Kibirizi. Alisimama mbele ya beseni, mkono ukagonga paja: m, ge, bu, ka. Muuzaji alikuwa ameshamshika samaki mkononi. Hakummalizia neno.